Jinsi ya Kuanzisha Shule ya Kikristo Inayomlea Mtoto Mzima: Mwongozo wa Mwalimu kwa Mwalimu

Mwalimu akiniambia anataka kuanzisha shule ya Kikristo, huwa namwomba kitu kimoja kabla hajanikunjulia ramani ya majengo: anichoree ratiba ya Jumanne ya darasa la pili. Wengi hushtuka. Geti wameshalifikiria, rangi ya sare wameshaichagua, hata wimbo wa shule umeshatungwa, lakini hiyo Jumanne haijawahi kuwajia akilini. Siwacheki, maana hata mimi nilianza hivyo hivyo. Nilifundisha shule za watu miaka mingi, nikatoka na akiba kidogo na hasira nyingi, nikakimbilia kununua tofali.

Haya ninayoandika ni kwa mwalimu wa Tanzania Bara anayetaka kuanza na awali na msingi. Zanzibar ina wizara yake ya elimu na taratibu zake.

Kwanza, jua unachomaanisha

Kiswahili hapa kina mitego. Ukiandika kwenye bango "elimu ya mtu mzima", watakuja wazee wanaotaka kujua kusoma. Ukiandika "elimu jumuishi", ofisa elimu atakuuliza una walimu wangapi wa mahitaji maalumu. Mimi nasema "mtoto mzima", na msingi wangu ni Luka 2:52, pale inaposimuliwa jinsi Yesu alivyokua: katika hekima, katika kimo, akimpendeza Mungu na akiwapendeza wanadamu. Hapo una mambo manne: akili, mwili, Mungu, jirani. Mwalimu Nyerere naye, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alilalamikia shule zinazomtoa mtoto kwao na kumfundisha kudharau jembe. Kwa hiyo wazo si geni hapa kwetu. Kilichotushinda ni kuliingiza kwenye saa za kazi.

Sasa chukua karatasi na penseli nne za rangi. Chora siku, tangu mtoto anapoingia getini mpaka anapotoka. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30, cha darasa la tatu kwenda juu dakika 40. Paka rangi moja kila muda unaolea akili, nyingine mwili, nyingine uhusiano na Mungu, ya nne uhusiano na watu. Ukikuta Mungu amepewa dakika kumi za mstarini peke yake, na mwili umepewa Ijumaa saa nane mchana wakati watoto wamechoka na mwalimu anasahihisha madaftari chini ya mwembe, basi unachoanzisha ni shule ya kawaida yenye msalaba kwenye nembo. Hakuna dhambi katika hilo, ila usiwatoze wazazi ada ya kitu kingine.

Usijaribu kuponya ratiba kwa kuongeza vipindi. Siku haiongezeki. Dawa ni kipindi kimoja kubeba rangi mbili. Kwetu Jumanne, wakishakunywa uji, darasa la pili hushuka bustanini na rula. Kila mtoto ana mche wake wa maharage. Anaupima, anaandika sentimita kwenye daftari, wakirudi darasani wanajaza jedwali ukutani. Kulikuwa na kijana mmoja aliyezoea kugeuza tarakimu. Ubaoni nilimsahihisha muhula mzima bila mafanikio. Siku moja akasimama katikati ya tuta, akalitazama daftari, akasema, "Mwalimu, juzi ulikuwa 12, leo nimeandika 31. Mche wangu hauna mbio hivyo." Akafuta mwenyewe, akaandika 13.

Tahadhari moja kuhusu bustani: mtoto asiende kulima kwa sababu amechelewa au amepiga kelele. Jembe likishakuwa adhabu mara moja, ya Nyerere yote umeyafuta.

Mwenye shule ni nani?

Swali hili ndilo linaloua shule nyingi za Kikristo, na huziua polepole. Mwalimu anaanza na darasa kwenye chumba cha nyuma cha kanisa. Kanisa linafurahi. Miaka minne baadaye mchungaji anahamishwa, anakuja mwingine mwenye mipango yake, na hakuna karatasi hata moja inayosema madawati ni ya nani. Nimeona madawati yakibebwa usiku kwenye kirikuu, na waliobeba wote walikuwa wazee wa kanisa.

Njia zilizo wazi ni kama tatu. Unaweza kuwa mmiliki binafsi au kwa kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Uamuzi ni wa haraka, lakini ukifa au ukifilisika shule inayumba nawe. Kanisa linaweza kumiliki kupitia bodi yake ya wadhamini. Hapo una mizizi, ila ujue kabisa kwamba wewe ni mwajiriwa, hata kama ndoto ilikuwa yako. Njia ya tatu ni kuunda bodi ya wadhamini ya shule yenyewe na kuisajili RITA, wakala wa ufilisi na udhamini, kanisa likiwa na viti vyake ndani ya bodi na wewe ukiwa na chako. Mimi nilichagua hiyo ya tatu. Inachosha, vikao haviishi, lakini ardhi na majengo ni ya bodi, na kila mtu analijua hilo tangu siku ya kwanza.

Ukishapata njia, kaeni mwandike kurasa mbili: nani anaajiri mwalimu mkuu, nani anasaini hundi, nini kinatokea mkikosana, mali inakwenda wapi shule ikifungwa. Someni kwa sauti mbele ya mashahidi. Mtu akisema, "Ndugu, sisi ni wapendwa, karatasi za nini?", huyo ndiye wa kusaini wa kwanza.

Nendeni pia mkajitambulishe kwa CSSC, Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, iliyoundwa mwaka 1992 na Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, na kwa TAMONGSCO, umoja wa wamiliki na mameneja wa shule zisizo za serikali. Utakutana na waliokutangulia, na wao ndio watakaokuambia ni waraka gani umetoka wiki iliyopita.

Ardhi

Fupi tu, maana kila mtu anajidai anajua. Kama kiwanja kipo mjini, hakikisha matumizi yaliyoandikwa yanaruhusu shule. Kiwanja cha makazi kinahitaji kubadilishwa matumizi kwanza, na hilo huchukua muda. Kama ni ardhi ya kijiji, kupeana mkono na mwenyekiti hakutoshi. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayogawa, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoridhia, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kaa kwenye huo mkutano mpaka mwisho, uone muhtasari ukiandikwa, uondoke na nakala yenye mhuri.

Kisha nenda kwenye eneo hilo mara tatu: asubuhi ya siku ya kazi, Jumamosi usiku, na siku ya mvua kubwa. Mvua ya Aprili inasema ukweli kuliko dalali. Uliza maji yanatoka wapi mwezi wa kumi. Bila maji huna uji, huna vyoo, huna bustani.

Usajili

Sheria ya Elimu ipo tangu mwaka 1978, na marekebisho yake. Ukiitazama kwa macho ya mwombaji, safari ina vituo vitatu: kibali cha kujenga au kuanzisha shule, uthibitisho wa mmiliki na meneja wa shule, halafu usajili wenyewe. Meneja si mwalimu mkuu; ni mtu anayesimama kwa niaba ya mmiliki na kujibu barua za serikali. Usimweke shemeji yako kwa sababu tu ana suti.

Rafiki yako mkubwa katika safari hii ni mthibiti ubora wa shule wa wilaya. Zamani tulimwita mkaguzi, tukamwogopa, tukaficha madaftari. Mfuate kabla ya kuchimba msingi, umwombe vipimo vya madarasa, idadi ya vyoo, ukubwa wa eneo linalotakiwa. Atakuja tena kukagua, kwa hiyo afadhali akusahihishe ukiwa bado na penseli kuliko ukishapiga lenta. Idadi za kuanzia kichwani ni hizi: watoto 45 kwa darasa la msingi, 25 kwa darasa la awali, tundu moja la choo kwa wasichana 20, tundu moja kwa wavulana 25. Mimi nakushauri uende chini ya 45. Mwalimu mwenye watoto 45 hulea majina kwenye daftari la mahudhurio, basi.

Bwana afya atataka kuona choo na jiko, zimamoto wataangalia milango na vizimia moto. Weka kila barua kwenye faili moja, nakala mbili, na moja isilale kwenye jengo la shule.

Usipokee mtoto hata mmoja kabla ya namba ya usajili. Kuna wanaoita "kituo cha malezi" huku wanafundisha darasa la tatu. Siku ofisa akifika na kufuli, wanaoteseka ni watoto.

Kama ulikuwa unapanga bweni ili upate pesa za haraka, soma kwanza waraka wa Kamishna wa Elimu wa mwaka 2023 uliozuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Binafsi nilishangilia. Mtoto wa miaka sita anayelilia mama yake saa tatu usiku hajalelewa mzima, hata kama anakariri Zaburi.

Na kabla hujamwita fundi, hesabu madarasa yako upya. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, elimu ya msingi ni miaka 6, na mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024. Mwaka 2027 darasa la sita la mfumo mpya na darasa la saba la mfumo wa zamani wanamaliza pamoja. Shule mpya haina sababu ya kujenga chumba cha darasa la saba. Chumba hicho kifanye maktaba.

Pesa, bila kuoneana haya

Tufanye hesabu ya mfano. Una watoto 40, awali na darasa la kwanza. Ada ni shilingi 600,000 kwa mwaka. Kwenye karatasi hiyo ni 24,000,000, na mke wako anatabasamu.

Walimu 4 kwa mshahara wa 400,000 kila mwezi ni 19,200,000 kwa mwaka. Mchango wako kama mwajiri kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, ni 1,920,000. Jumla 21,120,000. Zimebaki 2,880,000 za mlinzi, mpishi, unga wa uji, maji, chaki, karatasi na tanki litakalopasuka. Halafu kumbuka wazazi hawalipi wote. Mimi hupanga bajeti kana kwamba robo ya ada haitaingia. Robo ya milioni 24 ni milioni 6, kwa hiyo kilichoingia kweli ni 18,000,000, nawe una deni la 3,120,000 kabla mpishi hajanunua chumvi.

Sikutishi. Nataka uone mambo mawili. La kwanza, ada huendesha shule, haiijengi. Majengo yatoke kwenye akiba, michango ya waumini, harambee, mauzo ya shamba, chochote ambacho hakitegemei mtoto amelipa lini. La pili, kuwa na akiba ya mishahara ya muhula mzima benki kabla hujafungua geti. Mwalimu asiyelipwa miezi miwili hawezi kumpendeza Mungu wala mwanadamu, na hasira yake itashukia kwenye masikio ya watoto.

Ukipata mfadhili wa nje, mpe kitu chenye mwisho: kisima, paa, vitabu. Ukimpa mishahara, siku akichoka shule imekufa.

Watoto wa bure nao uwapangie tangu mwanzo. Kwetu ni kiti kimoja kati ya kumi, na majina yanajulikana na watu wawili tu. Kuna shule iliwahi kuwaita mstarini waliosomeshwa "kwa neema" ili wawashukuru wafadhili. Binti mmoja hakurudi Jumatatu.

Kukua, ongeza darasa moja kila mwaka. Watoto wako wa kwanza wapande nawe mpaka la sita. Usipokee wahamiaji wa darasa la tano mwaka wa kwanza kwa tamaa ya ada. Watakuja na desturi za walikotoka, na wadogo watazifuata za kwao wakaacha zako.

Walimu

Hapa ndipo shule ilipo. Majengo ni ya kujikinga mvua.

Cheti tazama, barua ya mchungaji soma, lakini usimwajiri mtu kabla hujamwona akifundisha. Mpe darasa dakika 30. Usimwangalie yeye, mwangalie mtoto aliyejibu vibaya. Je, amenyoosha mkono tena baada ya hapo? Kama amejikunja mpaka kengele, umepata jibu. Baada ya kipindi muulize mwalimu majina matatu ya watoto aliowafundisha. Anayekumbuka hata moja ana dalili njema.

Je, wote wawe Wakristo? Kwa mwalimu wa darasa, mimi nasema ndiyo, tena wa madhehebu mbalimbali, na wakubaliane kwa maandishi kwamba hawatagombania watoto kwa habari za ubatizo. Mbaya kuliko mwalimu asiye na dini ni yule mwenye dini nyingi mdomoni na daftari zisizosahihishwa. Usimruhusu mtu aweke maombi mahali pa maandalio ya somo.

Tena, kuna mkataba, PAYE (kodi ya mshahara), NSSF, na makato ya bodi ya mikopo kwa waliosomeshwa na HESLB, asilimia 15 ya mshahara. Mweleze mwalimu mapema atapokea kiasi gani mkononi, asije akadhani umemwibia.

Sasa kiboko. Kanuni zetu zinakiruhusu kwa mipaka: mwalimu mkuu au aliyepewa idhini naye, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Kila kikao cha wazazi kuna mzee atakayesimama na kunukuu Mithali. Mimi humjibu kwa Zaburi ya 23: fimbo ya mchungaji ile inafariji, na mwenye kondoo hachapi kondoo, anamwelekeza na kumfukuzia chui. Kwetu hatupigi, imeandikwa kwenye fomu ya kujiunga, na mwalimu anayepiga anajua mlango ulipo. Badala yake tuna utaratibu wa kurekebisha: aliyevunja anatengeneza, aliyetukana anakaa na aliyetukanwa mbele ya mwalimu mpaka wazungumze. Huchukua muda kuliko fimbo, ndiyo maana nasema ratiba iwe na nafasi.

Ulinzi wa mtoto usiuachie nia njema. Hakuna mtu mzima kuwa na mtoto mmoja nyuma ya mlango uliofungwa, awe mwalimu, mpishi, dereva au mchungaji mgeni. Namba 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto, ibandikwe chini, watoto wanapoweza kuisoma. Likitokea tendo ovu, linakwenda polisi na ustawi wa jamii. Kikao cha wazee wa kanisa hakina mamlaka ya kulimaliza.

Watoto wa imani nyingine, na suala la lugha

Wazazi Waislamu watakuletea watoto. Shule ikiwa na nidhamu na uji mzuri, watakuja wengi. Katiba, ibara ya 19, inalinda uhuru wa dini wa kila mtu, na mtoto hauachi getini. Eleza siku ya kujiandikisha, siyo baadaye: hapa tunasali asubuhi, tunafundisha Biblia, mtoto wako anaweza kukaa maktaba na mwalimu wakati wa ibada, nyama ya nguruwe haipikwi jikoni, na hakuna atakayemgeuza kwa zawadi. Mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mwanangu akifunga Ramadhani utamlazimisha uji?" Nikamwambia uji wake atapewa jirani yake, naye atakuwa ametoa sadaka. Akacheka, akalipa ada.

Kuhusu Kiingereza, wazazi wengi watadai. Uamuzi ni wako, lakini ukichagua mchepuo wa Kiingereza, usimvishe mtoto kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili. Kwetu ibada, bustani na usuluhishi ni kwa Kiswahili, kwa sababu mtoto anayeungama kosa kwa lugha asiyoijua haungami, anatafsiri.

Watakuuliza pia mtashika nafasi ya ngapi. NECTA, baraza la mitihani, iliacha kutangaza kumi bora tangu matokeo ya 2022, lakini swali halijafa. Waonyeshe madaftari. Mzazi akifungua daftari la Septemba na la Januari ya mtoto yule yule, maswali hupungua.

Wiki ya kwanza

Januari ikifika, lala shuleni usiku wa kuamkia siku ya kufungua. Hakikisha maji yapo kwenye tanki na ufunguo wa choo haumo mfukoni mwa fundi. Mpishi awashe moto saa kumi na mbili. Wewe simama getini, umsalimie kila mtoto kwa jina. Majina yasome usiku kwenye fomu, picha mkononi. Wazazi wa awali wape benchi nje ya darasa kwa siku tatu, kisha benchi lisogezwe kila asubuhi hatua chache kuelekea getini. Siku ya nne sisi tulilikuta benchi barabarani, na baba mmoja bado amelikalia, anafuta macho. Mwanawe alikuwa ndani, anagombania penseli nyekundu.